Alichokula Watson Siku ya Mazishi

Pale Tunduma wengi hawamjui Watson kwa jina lake. Wanamwita Mchina. Ofisi yake ni chumba kimoja kilichobanana na duka la spea karibu na mpaka, na kazi yake ni kuwaandalia madereva wa malori nyaraka za forodha ili wavuke kwenda Zambia na Kongo. Madereva wakishachoka na foleni huingia, huvuta kiti cha plastiki, na kabla salamu haijaisha wameshaanza: "Mchina, hebu tupe zile za nyoka." Na Watson huwapa. Nyoka mwenyewe hakumla, lakini mtu aliyekaa kwenye foleni siku tatu humnyimi nyoka.

Alikaa Kunming mwaka mmoja, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi kati ya chuo chake na chuo cha huko. Ni miaka saba sasa tangu arudi. Mwaka mmoja tu, ila ukimsikiliza utadhani alizaliwa kule. Makame, mfanyabiashara wa vyombo kutoka Unguja ambaye hufuata mzigo Guangzhou kila mwaka, humsikiliza huku akitikisa kichwa. "Mimi kila nikenda naona maghala tu," husema. "Wewe mwenzangu ulikwenda China ipi?"

Mchana, jua likipiga mabati na injini za malori zikinguruma kwa pamoja, macho ya Watson huondoka. Mwili unabaki mezani na mhuri mkononi, yeye yuko Kunming. Yuko kwenye kichochoro cha nyuma ya bweni, asubuhi, mvuke unapanda kutoka kwenye vyombo vya mianzi vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na mama mwenye aproni ya maua anamwonyesha kwa vidole idadi ya maandazi ya nyama, maana anajua hesabu za Kichina bado zinampiga chenga kijana huyu. Mara yuko kwenye bwawa la katikati ya mji, wakati wa baridi, ambapo ndege weupe wenye midomo myekundu huja kwa maelfu kutoka nchi za barafu. Wazee wastaafu huwarushia vipande vya mkate, nao huvidaka hewani. Hakuna anayeharakisha. Kumbukumbu zenyewe hazina haraka, zinapita taratibu, na Watson anaziacha zipite.

Anayopenda kuisimulia zaidi ni ya tambi za kuvuka daraja. Unaletewa bakuli kubwa la supu ya kuku, limetulia kimya, halitoi hata mvuke, na pembeni visahani vya nyama iliyokatwa nyembamba kama karatasi, yai la kware, majani na tambi za mchele, uvitumbukize mwenyewe. Watson, mtoto wa kijiji cha Ibaba, aliyekulia kwenye baridi ya milima ya Ileje ambako chakula cha moto kinajulikana kwa kufuka, aliliona bakuli lile akajua limepoa. Akaliinua kwa mikono miwili, akapiga funda. Ulimi ulikufa ganzi wiki nzima. Kumbe juu ya supu kuna utando wa mafuta unaolifunika joto lote huko chini. Wenyeji wanasema zamani palikuwa na bwana mmoja aliyejitenga kisiwani asome kwa ajili ya mtihani, na mkewe akimpelekea chakula kwa kuvuka daraja refu. Kila akifika supu imepoa, mpaka siku alipogundua siri ya mafuta. Madereva huipenda sana hapo. "Huyo ndiye mke!" husema, na kila mmoja hunyamaza kidogo akifikiria wa kwake.

Basi husimulia yote hayo, na masoko, na treni zinazokwenda kasi mpaka miti inakuwa ukuta. Husimulia kila siku ya mwaka ule, isipokuwa moja. Siku nzuri kuliko zote alizowahi kuishi, Jumamosi ya Pasaka, hakuwahi kumsimulia mtu yeyote.

Siku hiyo, wakati Watson anakula na kucheka kando ya ziwa, mama yake alikuwa anazikwa Ibaba, na yeye hajui.

Tulinagwe, mama yake, ndiye aliyekuwa mwenye hadithi zile. Kila Jumapili baada ya ibada, Frida, dada yake Watson anayefundisha shule ya msingi pale Ibaba, alipanda na mama mpaka kwenye kilima kinachoshika mtandao. Mama hakuuliza masomo hata siku moja. Masomo aliwaachia walimu. Aliuliza, "Umekula nini?" na Watson alitaja, kitu kwa kitu, na mama aliguna, akashangaa, akauliza kama wanatia chumvi, akacheka mpaka akakohoa. Jumapili ya Pasaka Frida alipokea simu peke yake. Mama yuko Chitipa, alisema, anamuuguza mama mdogo, na huko Malawi mtandao hakuna. Watu wa Ileje wana ndugu ng'ambo ya mto, na kwenda kukaa na mgonjwa miezi miwili mitatu si jambo la kumshtua mtu. Watson hakushtuka. Alimwambia Frida, "Akirudi mwambie nina mengi."

Alirudi mwezi wa saba. Shangazi yake, Fortunata, anayekaa Tunduma, alimpokea na kuku mzima. Kwetu mtu aliyetoka safari haambiwi msiba akiwa na njaa. Anakula kwanza, ananawa, ndipo wazee wanaingia. Watson alikula vizuri sana, akasifu na mchuzi, na alipoona wazee wanne na mchungaji wanapita mlangoni kwa mstari, bila hata mmoja wao kumtania juu ya Uchina, alijua.

Walilia pamoja. Kilio kilipopungua shangazi Fortunata alimshika mkono akamuuliza swali ambalo shangazi huuliza: "Na moyo wako haukukuambia kitu, siku ile?"

Watu wote walimtazama. Angesema nini? Kwamba moyo wake ulikuwa unaruka kwa furaha? "Uliniambia," alisema. "Siku ile nilishikwa na homa. Sikula kitu. Nililala nimegeukia ukuta mpaka kesho yake."

Maneno mafupi tu, lakini alikuwa amemkabidhi shangazi Fortunata, na shangazi hakai na kitu bila kukiongeza. Ilipofika mwezi wa kumi, Watson alikuwa amelazwa. Mwaka uliofuata alikuwa amezimia, na katika kuzimia kwake alimwita mama kwa Kindali mbele ya madaktari wa Kichina waliotokwa na machozi. Mchungaji aliitumia katika mahubiri. Watson alikaa benchi la tatu akiangalia viatu vyake, na aibu ikamla. Tangu hapo hakupumzika. Akiota lile ziwa anaamka na furaha, kisha anakumbuka tarehe, na furaha inageuka kuwa kitu cha kutapika.

Mwaka huu ukoo ulikubaliana kaburi la Tulinagwe lijengewe. Ibada ikapangwa Jumamosi, na kwa desturi ya nyumba yao kila mtoto husimama kaburini akasema neno, mkubwa kwanza, kisha wengine. Frida angesema yake. Baada yake ni Watson, na shangazi Fortunata alishawaambia watu wa Isongole, Tunduma na Chitipa kwamba waje wasikie habari ya homa kutoka kwenye kinywa chenyewe. Kumdanganya shangazi ni kitu kimoja. Kusimama juu ya mama yako ukamdanganya yeye, hilo Watson aliliona haliwezekani. Na kusema kweli mbele ya baba yake, mzee Eliakim, aliyemzika mkewe huku mtoto wao wa kiume hayupo, nalo aliliona haliwezekani. Alikwenda Ibaba siku ya Ijumaa na hayo mawili, bila la tatu.

Alimkuta baba kaburini, nyuma ya nyumba, pembezoni mwa shamba la viazi. Fundi alikuwa amemaliza kupiga plasta juzi na kuondoka, akiacha maagizo kwamba saruji imwagiliwe maji isije ikapasuka, na mzee Eliakim aliyachukua maagizo yale kama wito wa kanisani. Tangu asubuhi alikuwa anachota kwa kopo kwenye ndoo, anamimina polepole kuanzia kichwani mpaka miguuni, anasubiri, anaanza tena. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Watson alimwamkia, akachukua ndoo akaenda kujaza, na waliendelea hivyo kwa muda, mmoja anachota, mmoja anamimina.

"Watisoni," baba alisema bila kuinua macho. Hakuwahi kulitamka jina lile vinginevyo. "Kesho utasema ile ya homa."

"Watu wanaisubiri, Baba."

"Nataka nisikie mimi kwanza. Nisikie kwako. Ya Fortunata nimeisikia mara nyingi, na kila mara ugonjwa unazidi." Alikaa juu ya matofali yaliyobaki, kopo mapajani. "Sijawahi kukuuliza. Niliogopa. Niambie uliugua vipi, na kama kulikuwa na mtu wa kukupa hata maji."

Watson alimtazama. Baba yake alikuwa amekonda shingo, kola ya koti imemwachia nafasi ya kuingiza ngumi. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeiva kwa miaka saba, ungetoka wenyewe. Alifungua kinywa autoe, na kinywa kikakataa.

"Baba, sikuugua."

Mzee aliinua macho.

"Sikuwa na homa. Moyo haukuniambia chochote. Nilikuwa natembea, Baba. Nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote." Aliitua ndoo. "Nilikula siku nzima. Saa nane mchana, mnamshusha Mama hapa, kule ni saa moja jioni na jua bado lipo. Nimepiga hesabu mara nyingi. Saa hiyo nilikuwa mezani nacheka. Nisamehe."

Alisubiri kopo limrukie, au baba ainuke aende zake. Baba alibaki pale pale. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali.

"Ulikuwa wapi?" aliuliza.

"Dali. Ni mji uko milimani, saa mbili kwa treni kutoka Kunming. Rafiki yangu mmoja, Duan, alinipeleka kwao."

"Kukoje?"

Watson alishangaa, lakini swali la baba hujibiwa. Mwanzoni alisema kwa mkato, kama anayehojiwa polisi. Kisha ukungu, na maji yanayotiririka juu ya saruji, na miaka saba ya kubana, vilimfungua, na alipoanza kuona hakuweza tena kusema kwa mkato. Alisema kwamba kuna mlima mrefu wenye theluji kileleni, na chini yake ziwa refu, na kati ya mlima na ziwa mashamba ya maharage yamekatwa ngazi ngazi, ukisimama pale utadhani Mungu aliichukua Ileje akaiwekea ziwa. Siku ile kulikuwa na gulio lao kubwa la mwaka. Farasi walishindana mbio, wanawake walivaa kofia zenye nyuzi nyeupe zinazoning'inia begani, na mizizi ya dawa ilimwagwa chini barabara nzima, harufu yake inakuingia mpaka kwenye nguo. Walimnunulia maziwa yaliyogandishwa yakakaushwa yakawa kama ngozi, yakaokwa juu ya makaa, yakapakwa jemu ya mawaridi na kuviringishwa kwenye kijiti.

"Maziwa kwenye kijiti," baba alisema.

"Nilikula vinne. Tukala mkate unaookwa na makaa chini na makaa juu, ndani una nyama na majani ya vitunguu. Baadaye tukapanda mashua ya Duan na babu yake. Maji yalitulia mpaka mlima ukawa juu na chini. Hakuna aliyezungumza. Nilitia mkono kwenye maji, Baba, nikasema moyoni nikifika nyumbani hili nitamwambia Mama."

Baba alichota kopo moja, akamimina, akarudi kukaa. "Endelea. Mezani."

"Mezani palikuwa na bibi yake Duan. Mzee, mdogo hivi, hana meno mengi. Wote wamekaa, chakula kimejaa, na mimi naona hakuna anayenawisha wakubwa. Nikaona aibu, mimi ndiye kijana pale. Nikaliona birika, nikaliona na beseni dogo. Nikapiga goti, nikamwendea bibi, nikamnawisha mikono."

"Vizuri."

"Birika lilikuwa la chai, Baba."

Mzee Eliakim aligeuza kichwa polepole.

"Nilimnawisha bibi wa watu kwa chai. Nimeanza, naona majani yanatoka, siwezi kuacha katikati. Meza nzima kimya. Bibi akaitazama mikono yake, akanitazama, kisha akaikunjua vizuri akasema kitu, na Duan akanitafsiria: anasema endelea, bado hapa. Ndipo wote wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka mpaka nikashika meza. Nadhani ndiyo ilikuwa saa nane ya huku, Baba. Ndiyo ilikuwa saa yenyewe."

"Halafu akakupa nini?"

"Nani?"

"Huyo bibi. Akakupa nini ule?"

"Samaki wa ziwani, wa mchuzi wenye ukali na uchachu. Alitoa nyama ya shavu kwa vijiti akaniwekea mimi. Na viazi, viazi mviringo kama hivi vyetu, wamevipondaponda na mboga ya kuchachusha. Wanaviita viazi vya bibi, kwa sababu hata asiye na meno anakula. Kila bakuli langu likipungua analijaza. Nikasema nimeshiba, hataki. Akaniuliza, mama yako hajambo?" Hapa Watson alifunika uso. "Nikamwambia hajambo kabisa. Akanijazia tena."

Maji yalidondoka kwenye ukingo wa kaburi. Watson alipoinua uso alimwona baba yake analia. Analia na mdomo umefunguka, na kitu kinachotoka mdomoni, ukikisikiliza vizuri, ni kicheko.

"Ulishiba," mzee alisema.

"Baba?"

"Sikiliza. Alhamisi ile tulimrudisha mama yako kutoka hospitali. Yeye mwenyewe alitaka afie hapa. Frida akashika simu akupigie. Mama yako hakuwa na nguvu ya kukaa, lakini simu ile aliipokonya, sijui alitoa wapi nguvu. Akasema, Watisoni asiambiwe mpaka arudi. Semeni nimekwenda Chitipa. Frida akamwambia, Mama, atatulaumu. Akasema mtamwambia ni mimi. Unakumbuka babu yako alipofariki, ulivyokuwa shuleni, ulikaa siku nne hutii kitu mdomoni mpaka wakakuleta nyumbani umebebwa? Hilo ndilo alilokumbuka. Akasema, mkimwambia hatakula, na kule hana mama wa kumlazimisha. Mwacheni ale. Neno lake la mwisho kwangu lenye kueleweka ni hilo. Mwacheni ale."

Watson alishika ukingo wa kaburi.

"Nikatii," baba alisema. "Nikamzika bila wewe, watu wakanisema, nikavumilia, kwa sababu yeye ndiye aliyetaka. Halafu unarudi, unasema siku ile ile ulilala na njaa umegeukia ukuta. Miaka saba, Watisoni. Miaka saba nasema nilimnyima mtoto mazishi ya mama yake, na hata kile kimoja alichoniomba hakikupatikana. Kila Fortunata akiongeza ugonjwa, mimi nakufa. Na wewe kumbe ulikuwa unanawisha watu kwa chai!"

"Nilidhani utanichukia."

"Nikuchukie kwa lipi? Kwa kumtii mama yako?" Alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Kesho utasema hivyo hivyo. Kuanzia farasi. Usiruke kitu."

"Na shangazi?"

"Fortunata atanuna mpaka chakula kitakapoiva. Baada ya hapo atasema alijua tangu mwanzo."

Mzee aliinuka, akaweka kopo chini, akaenda upande wa kichwani mwa kaburi. Aliweka kiganja juu ya saruji mbichi na kuinama, na Watson alimsikia akisema na mkewe kwa Kindali, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayezungumza na mwenziwe jikoni. Alimwambia kwamba kijana alikula. Kwamba kuna bibi mmoja wa huko alimsimamia, akamjazia bakuli, akakataa kusikia habari ya kushiba. Kwamba alikula saa ile ile.

Hapo ndipo Watson alipolia. Hakuwa amelia hivyo Tunduma, mbele ya wazee wanne na mchungaji. Alilia amepiga magoti kwenye tope, mikono yote miwili juu ya kaburi, akimwita mama yake kwa Kindali, na Frida alitoka jikoni mbio akidhani kuna mtu ameanguka. Baba alimzuia kwa mkono.

"Mwache," alisema. "Ndiyo kwanza amefika mazishini."